Vidole Vilivyoshika Namba Moja

Nimepiga watu wengi maishani mwangu, na baadhi yao walistahili. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia kabla ya wakati. Nilimpiga mlinzi wa ploti yetu pale Mlolongo kwa kuwafungia wapangaji maji. Nilimpiga utingo wa trela aliyemtusi mke wangu mbele ya duka, nikamfuata hadi chini ya gari alikojificha nikamtoa kwa miguu. Machimboni nilipigana karibu kila mwezi, na sikuwa peke yangu. Mtu aliyeshinda akipigana na jiwe tangu asubuhi haachi mikono yake getini anapotoka.

Nyumbani sikumpiga mtu. Baba yangu alitupiga kwa kamba ya kufungia ng'ombe, mama akiwemo, na nilipooa niliapa kwamba mkono wangu hautavuka kizingiti ukiwa ngumi. Niliweza kufika na damu ya mtu kwenye kola ya shati, nikalivua, nikanawa, nikakaa kwenye kigoda na kumsuka binti yangu nywele. Majirani walinicheka sana. Mwanamume mwenye shingo nene namna ile, anasuka mistari. Lakini mke wangu hakuwa na subira ya nywele, mtoto alikuwa mwepesi wa kulia, na vidole vyangu vilijua kuzigawa nywele bila kuvuta. Nilijivunia jambo hilo kuliko ngumi zangu zote, ingawa ngumi ndizo nilizozitangaza.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa jiwe. Kompresa husukuma upepo ndani ya mpira mrefu hadi kwenye drili, mashine nzito ya kushikwa kwa mikono miwili, nayo drili hukidunda chuma ndani ya mwamba mpaka tundu lifikie kina cha kutiwa baruti. Unailalia kwa kifua ili isiruke. Inalipiga jiwe na inakupiga wewe, kwa kasi ileile, kutwa nzima. Jioni unakojoa unasikia mtetemo bado uko mgongoni. Wengi wetu tulikuwa Wakamba wa Machakos na Kitui, wachache walitoka Murang'a, na nyapara alikuwa mtu wa kurusha kokoto. Akikuona umesimama hakuiti, anakurushia kokoto ya kisogo.

Tulikuwa na desturi yetu. Tundu likiisha, chuma hutolewa kikiwa moto kiasi cha kukausha mate. Mtoboaji mgeni alipaswa kukishika kwa viganja vitupu huku wenzake wakihesabu kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, inya, taratibu kabisa. Tuliiita kumsalimu mama mkwe, kwa sababu mkono wa mama mkwe hutangulii kuuachia. Aliyefika kumi alikuwa mtoboaji. Aliyeachia mapema alirudishwa kwenye kubeba mawe na kuitwa bibi arusi mwezi mzima. Mimi nilifika ishirini, ngozi ikabaki kwenye chuma. Kulikuwa na mwenzangu mmoja tu aliyefika ishirini pia, mtu wa mkono wa kushoto, mwenye sauti ya juu na meno mazuri. Hatukupendana tangu siku hiyo. Machimbo yale hayakutosha watu wawili wa ishirini.

Basi asubuhi moja nyapara akatwambia kwamba watoboaji wote watapimwa vidole. Alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Machakos mjini, mtoto wa zile familia za Kiislamu za pale sokoni, mwenye hijabu ya kijivu na Kiswahili kilichonyooka mpaka tukawa tunaona haya kufungua midomo. Alisema yeye si daktari, sisi tukamwita daktari. Walimpa chumba cha kuhifadhia mipira ya kompresa. Humo aliweka meza, beseni la maji ya vuguvugu, na sanduku lisilozidi ukubwa wa redio, lenye tundu dogo juu na kichwa cha chuma kinachochungulia, kidogo mfano wa mbegu ya mbaazi.

Mpango ulikuwa mwepesi. Unaosha mikono kwenye maji ya vuguvugu ili damu ishuke. Unavalishwa vifuniko vya masikio usisikie mlio wa mashine. Unalaza kidole cha kati juu ya ile mbegu. Inaanza kutetemeka kidogo sana, chini ya kiwango cha binadamu kusikia, halafu inaongezeka. Ukisikia, unabonyeza kitufe kwa mkono wa pili. Mtetemo unapungua. Ukiacha kuusikia, unaachilia. Hivyo hivyo mara nyingi, kisha sanduku linatoa namba. Alisema atarudi baada ya miezi sita atupime tena, kwa sababu anachotafuta si namba bali mabadiliko kati ya ile ya kwanza na ya pili.

Alieleza na maana ya namba, lakini nani alikuwa anamsikiliza. Wa kwanza kutoka alisema, "Nimepata mia na kumi." Wa pili akasema yeye ana mia na kumi na saba, na tukamshangilia. Sote tulikuwa tumepita shuleni, wengine hadi darasa la nane, wengine, mimi nikiwa mmoja wao, hadi kidato cha nne, na kwetu namba kubwa ni namba nzuri. Ilikuwa imeshakuwa mtihani. Huyo wa meno mazuri akaingia, akakaa muda, akatoka akiwa amekunja uso. Alikuwa na mia na sita. Wenzake wakamwambia amefeli.

Niliingia nikiwa na nia moja tu, kumpita kila mtu. Nilipoweka kidole nikaelewa mchezo haraka: kadiri unavyochelewa kubonyeza, ndivyo mtetemo unavyopanda, na ndivyo namba inavyopanda. Nilikuwa nikiusikia mtetemo ule ungali unanong'ona. Lakini nilijua kungoja. Nilihesabu moyoni vilevile tulivyohesabu kwenye chuma, imwe, ili, itatu, hadi kumi, ndipo nikabonyeza. Nilihesabu sawa kila mara. Mama yule alitazama mstari unaochorwa na mashine akasema, "Majibu yako yamenyooka, kaka. Wengi hubabaika." Nikapata mia na thelathini na nane. Nilitoka nikaitangaza nikiwa bado mlangoni, na watu wakanibeba.

Nilipokuwa juu ya mabega yao nikamwona mpinzani wangu amekaa juu ya pipa. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Wewe na hio mia na sita yako, vidole ni za mtoto. Enda ukaoshe vyombo." Akaruka kutoka kwenye pipa. Alikuwa na nyundo ya kuchongea mawe kiunoni na akanipiga nayo kwenye mfupa wa bega kabla miguu yangu haijagusa chini. Nilimkamata kichwa kwa mikono miwili nikampiga uso kwa paji langu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasikia kitu kinavunjika na nikajua si changu. Alipoanguka niliendelea kwa buti. Walituachanisha watu sita. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa kwenye vumbi, na mimi nikayaokota nikamtupia.

Yule mama alisimama mlangoni mwa chumba chake akitazama yote. Tulipotulia akaja katikati yetu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Naona hamkunielewa. Namba ndogo ni kidole kizima. Namba kubwa ni kidole kinachokufa. Mmepigana kwa kugombea ugonjwa." Hakuna aliyecheka. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote: "Kama kuna mtu aliyechelewesha kubonyeza kwa makusudi, aniambie sasa. Nitampima upya, na hatalaumiwa."

Alinitazama mimi, au nilidhani ananitazama. Kila mtu alikuwa pale. Yule mwingine alikuwa ameketi chini, mdomo umejaa damu, macho yamenikazia. Ningesema nilidanganya, angecheka kwa mdomo ule ule niliouvunja, na hiyo mia na sita yake ingekuwa ushindi, na mimi ningekuwa mtu aliyempiga mwenzake kwa namba ya uongo. Nilitema mate. Nikasema, "Hakuna." Yule mama akafunga daftari lake.

Jioni hiyo nyumbani niliieleza hadithi kwa namna iliyonifurahisha, nikaruka habari za meno. Binti yangu, ambaye alikuwa na miaka saba, alitaka kuiona mashine. Nikamwambia achomoe njiti ya fagio, nikafumba macho na kumpa kidole. Akanigusa nayo. "Unaskia?" akauliza. "Bado," nikasema. Akagusa tena. "Sasa?" "Bado." Nilikuwa nikisikia kila kitu, hata ile ncha iliyopasuka ya njiti inavyowasha. Aliendelea hadi akagundua kwamba ninabana kicheko, akanipiga na ile njiti masikioni, na mama yake akatufukuza jikoni. Mchezo huo tuliucheza wiki nzima.

Baada ya siku chache zikaletwa drili mpya tatu. Zilikuwa na mikono iliyovishwa mpira mzito na springi ndani, ukiishika inadunda mwambani lakini mikononi mwako inavuma tu. Kipimo cha yule mama kilikuwa cha kuona kama hizo zingeokoa vidole vyetu. Tatu kwa watoboaji kumi na wawili. Nyapara alisoma kwenye karatasi waliopangiwa, na wa kwanza alikuwa yule niliyemvunja meno. Jina langu halikuwemo. Nikauliza kwa nini. Nyapara akasema, "Wewe vidole yako zishakufa. Watu wa mashine mpya ni wale wako na kitu ya kuokoa. Rudi kwa drili yako."

Nilimpiga ngumi moja ya shavu akakaa chini. Alikuwa na spana kubwa mkononi naye akanipiga nayo gotini, nikaanguka juu yake, tukabiringishana kwenye changarawe hadi mlinzi akaja na rungu na kutugawia sote bila upendeleo. Nilisimamishwa siku kumi na nne. Hizo siku zote nilikuwa na njia moja rahisi ya kumaliza jambo, kupanda gari hadi Machakos mjini, kumtafuta yule mama na kusema maneno mawili. Sikwenda. Nilikaa nyumbani nikiuguza goti na hasira, na siku ya kumi na tano nikarudi kwenye drili yangu ya zamani.

Nisimulieje jinsi vidole vinavyoondoka? Haviondoki kwa maumivu. Julai ilikuja na baridi yake ya asubuhi, ile inayoshuka kutoka kilima cha Lukenya, na kidole cha kati cha kulia kikawa cheupe kuanzia ncha hadi fundo la pili. Weupe wa mshumaa. Nikakipiga kwenye paja kikarudi. Wiki iliyofuata vikawa viwili. Nikaanza kuangusha vikombe. Vifungo vya shati nilivifunga kwa kutazama. Siku moja nilipika chapati, nikasikia harufu ya nyama inayoungua, nikageuka kutafuta inakotoka, kumbe mkono wangu uko juu ya kikaango. Kwenye kumsalimu mama mkwe ningeweza sasa kufika mia. Hakuna aliyenihesabia, na mimi sikutaka.

Binti yangu alikuwa wa kwanza kusema. Nilikuwa nikimsuka Jumamosi moja akaanza kulia kimyakimya, machozi yanadondoka mapajani. Nikamuuliza ana nini. "Unavuta," akasema. Nikapunguza nguvu. "Bado unavuta." Nikatazama vidole vyangu na kuona shada zima la nywele limetoka na mzizi, na sikuwa nimesikia kitu. Mke wangu akanyakua chanuo. Toka siku hiyo alimsuka yeye.

Sasa nafika kwenye siku ambayo ningependa kuiruka. Ilikuwa Jumapili mchana. Karibu na ploti yetu trela husimama foleni ndefu zikingoja kupimwa uzito kwenye mizani, na nilikuwa nimemkataza mtoto mara elfu asikaribie. Nilimkuta chini ya trela, kati ya magurudumu ya nyuma, anaokota mahindi yaliyomwagika na kuyatia kwenye kopo, huku injini inanguruma. Nilimvuta. Nilikuwa na hasira, sitaficha, hasira ya hofu ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Nilimshika kifundo cha mkono, pale chini karibu na kiganja, nikaanza kutembea naye kwenda nyumbani. Alipiga kelele. "Baba unaniumiza. Baba niachilie." Nilidhani ni ukaidi. Nikamwambia anyamaze. Alijaribu kukaa chini, nikamwinua kwa mkono uleule. Watu walitutazama kutoka kwenye vibanda. Mkono wangu haukuniambia lolote njia nzima. Ulikuwa umeshika kitu, basi, kingeweza kuwa mpini wa jembe.

Nilipofika mlangoni mke wangu alitazama chini akapiga ukwenzi. Vidole vya mtoto vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau, na mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mtoto mwenyewe alikuwa ameacha kulia zamani. Niliachilia. Alama za vidole vyangu zilibaki palepale, nne upande mmoja na moja upande wa pili, na hazikuondoka. Mke wangu alinipiga kwa sufuria ya ugali, ikiwa na ugali ndani, kichwani, mara nyingi, na mimi nilisimama tu. Hiyo nilisikia.

Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Hospitali walimfunga plasta hadi juu ya kiwiko, wakamuuliza mama yake maswali huku wakinitazama mimi. Siku ya pili mke wangu alifunga nguo kwenye begi la buluu kwenda kwa mama yake Kalama. Hakulia wala hakunitusi. Alisema, "Mimi nataka kujua kitu moja tu. Ni mkono ama ni wewe. Kama ni mkono, huo ni ugonjwa, tutauguza. Kama ni wewe, mtoto harudi hapa." Nikamwambia ni mkono. Akasema, "Si wewe utaniambia. Huyo mama wa vidole si anarudi kupima? Niletee karatasi. Karatasi ikisema mkono umebadilika, nitarudi."

Nilingoja wiki tano. Sikupigana na mtu. Niliilalia drili kichwa changu kimeinama, na kila asubuhi vidole vilipokuwa vyeupe nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, kwa maana hivyo vilikuwa ushahidi wangu. Hata glavu sikuvaa.

Yule mama akaja. Beseni lilelile, sanduku lilelile. Nilikaa, nikaweka kidole, na safari hii sikuhesabu kitu. Nilingoja nisikie. Nilingoja kwa moyo wote, nimefumba macho, jasho linanitiririka, na mbegu ile ya chuma ilikuwa imekufa chini ya kidole changu, hadi mtetemo ukaanza kunifikia kwenye mfupa wa kiganja ndipo nikabonyeza. Nilijua tayari. Nilitaka kumkumbatia. Aliandika, akalinganisha na daftari la kwanza, akageuza karatasi nione.

Mara ya kwanza, mia na thelathini na nane. Mara ya pili, mia na thelathini na saba. Kwenye safu ya tatu, chini ya neno mabadiliko, alikuwa ameandika hakuna.

"Hukuharibika zaidi," akasema. "Hilo angalau ni jema."

Nilisimama na kiti kikaanguka. Nilimwambia aandike upya. Akaniuliza kwa nini, na mimi badala ya kujibu nililiinua sanduku juu ya kichwa changu. Mlango ulikuwa wazi na watu wakaingia, wa mbele kabisa yule mwenye pengo, akanikumbatia kutoka nyuma na kunifungia mikono. Nilimpiga puani kwa kisogo changu nikasikia ikipasuka, hakuachia. Yule mama alikuwa amesimama wima upande wa pili wa meza, mikono chini. "Vunja," akasema. "Namba haiko ndani ya sanduku."

Nikaliweka. Nikasema mbele yao wote kwamba nilidanganya mara ya kwanza, kwamba nilikuwa nasikia vizuri, kwamba nilihesabu hadi kumi. Yule mwenye pengo, damu ya pua ikimdondokea kifuani, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kawaida, kikaisha, akajipangusa na mkono akatoka kwenda kazini. Hicho ndicho nilichokiogopa. Nilitoa vidole kumi na mkono wa mtoto wangu ili nisikisikie, na hakikufika hata imwe, ili, itatu. Niliona uchungu ambao hata leo sijui niuweke wapi.

"Ongeza hapo kwa karatasi," nikamwambia yule mama. "Andika nilikudanganya."

Alilivuta daftari kwake. "Kaka, naandika nilichopima. Nikikufuta nitakufuta kabisa, ubaki bila karatasi yoyote. Nikiandika kwamba ulisema uongo, atakayesoma atajuaje ni mara ipi?" Akanipa karatasi yangu. Alikuwa na macho ya huruma na hilo liliniudhi zaidi.

Kesho yake nilikwenda Kalama. Mama mkwe aliniona kutoka shambani akaingia ndani. Kwetu ni heshima mama mkwe kukwepa njia ya mkwe wake, lakini ile haikuwa heshima. Mke wangu alinipokea nje, chini ya ukuta wa ghala, hakunipa kiti. Alisoma karatasi mara mbili, kidole chake kikifuata safu hadi ile ya tatu.

"Hakuna," akasoma. "Kwa hivyo ni wewe."

Nikamweleza. Nilieleza kila kitu, na habari za meno pia, na yule mama alivyouliza nami nikatema mate. Alisikiliza hadi mwisho. "Ulidanganya mashine," akasema, "ukadanganya watu ya kazi, ukanidanganya mimi. Na sasa unataka niamini hii moja."



Binti yetu alitoka nyuma ya ghala. Plasta ilikuwa imechafuka na kuchorwa maua kwa kalamu ya wino. Alisimama mbali kiasi cha mkono wangu kutomfikia, nikaona amelipima hilo kwa makusudi. Kisha akaenda kwenye ua wa miti ya miiba, akavunja mwiba mmoja mrefu mweupe, akarudi nao.

"Fumba macho," akasema. "Lete kidole."

Nilichuchumaa, nikafumba, nikanyoosha mkono. Nilisikia anavyopumua, karibu sasa.

"Unaskia?"

Nilitamani kusema ndiyo. Mungu ndiye shahidi, nilitamani kulisema kuliko nilivyowahi kutamani lolote, na angefurahi.

"Bado," nikasema.

"Sasa?"

"Bado."

Pumzi yake ikawa nzito, nikaijua, ilikuwa pumzi yangu mimi ninapokunja ngumi.

"Na sasa, baba?"

"Bado."

Nikasikia nyayo za mke wangu zikija mbio, na sauti yake ikimwambia mtoto, taratibu, "Yatosha. Yatosha, wacha." Nilifumbua macho. Mwiba ulikuwa umezama karibu wote, damu imefika hadi kiganjani na kuanza kudondoka kwenye vumbi, na mtoto alikuwa ameushika bado, analia. Mke wangu alikuwa amepiga magoti kando yetu. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anautazama uso wangu, akitafuta humo kitu cha maumivu, na hakukiona.